Unga Uliokataa Kushuka

Shenbagam alikuwa mwoga, na katika kiwanda cha fataki alikofanya kazi hapakuwa na mtu asiyelijua hilo. Alizaliwa Sivakasi, mji ambao asiyetengeneza fataki hutengeneza viberiti, lakini kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ilipofika, watu wakiwasha kwa shangwe kile ambacho yeye na wenzake walikihangaikia mwaka mzima, yeye aliziba masikio kwa pamba na kujifungia chumba cha ndani pamoja na mbuzi. Binti yake Kanimozhi alimcheka mpaka akakaa chini. Si ni fataki zenu wenyewe, mama? Ni zetu, Shenbagam alimjibu, ndiyo maana.

Uoga ule haukumshukia kutoka hewani. Mama yake alikuwa mchovyaji wa njiti za viberiti, na Shenbagam alipokuwa msichana mdogo, siku moja mama huyo alirudi nyumbani akiwa ameshikiliwa na wanawake wawili, sari imemganda mgongoni. Hakufa. Aliishi miaka mingi baadaye, akilala kifudifudi juu ya majani ya mgomba kwa sababu shuka lilikuwa likimnyofoa ngozi. Shenbagam ndiye aliyekuwa akiyabadilisha majani yale. Kwa hiyo wenzake waliujua moto kwa mwanga wake na kelele zake, lakini yeye aliujua kwa harufu ya dawa ya vidonda.

Akaolewa na Mariselvam, mpakiaji wa malori, mtu mpole mwenye mgongo mpana. Nchi ile ni kame, shamba halimlishi mtu, na mshahara wa mume peke yake haukutosha kumsomesha mtoto. Wifi yake, Petchiammal, alikuwa mchanganyaji wa dawa za fataki katika kiwanda kimoja nje ya mji. Petchiammal alikuwa mwanamke wa vicheko, haogopi mbwa wala polisi. Ndiye aliyemshika Shenbagam mkono akampeleka kazini. Mkemia wa kiwanda, Bwana Pandian, alimuuliza angependa kufanya nini, naye akajibu bila haya kwamba angependa kazi iliyo mbali kabisa na wachanganyaji. Petchiammal alicheka hadi akajishika kiuno. Pandian hakucheka. Alimpa chumba cha kupimia.

Kilikuwa chumba kidogo peke yake mwisho wa kiwanja, kati ya miarobaini, chenye milango miwili inayofungukia nje ili mtu asikwame. Kila pipa la unga wa alumini lilipoletwa, kabla ya kupelekwa kwa wachanganyaji, lilipitia kwa Shenbagam kwanza, maana ilibidi ijulikane chembe zake ni kubwa kiasi gani. Chembe nene huwaka taratibu na kudondosha cheche nyeupe, zile wanazozipenda watoto. Chembe nyembamba sana huwaka zote kwa mpigo, na mchanganyaji aliyedhani ameshika za kwanza kumbe ameshika za pili huenda asipate nafasi ya kujua amekosea. Ukizitazama kwa macho, zote ni vumbi la kijivu linalong'aa.

Shenbagam alipima kiasi kidogo kwenye mizani, akakimwaga juu ya mnara wa machekeche yaliyopangwa moja juu ya jingine. La juu lilikuwa na matundu ya kupitisha sukari, na la chini kabisa lilikuwa kitambaa cha nailoni chenye matundu madogo hata jicho haliyaoni. Aligonga ubavu wa mnara kwa kijiti, pole pole, akauzungusha, akagonga tena, kisha akayatenganisha machekeche na kupima kilichobaki katika kila moja. Lile la mwisho alilimalizia kwa brashi laini ya manyoya ya mbuzi. "Dada," Pandian alimwambia siku ya kwanza, "usiniambie unga unauonaje. Niambie umebaki wapi."

Kazi ilimfaa. Ilitaka mtu asiye na haraka, na mwoga hana haraka. Tena ilikuwa na masharti ambayo wengine waliyaona usumbufu, na yeye aliyashika kama sala. Aliingia peku, amevaa pamba tupu, bila bangili wala vikuku, na kabla ya kuvuka kizingiti aliweka kiganja kwenye bamba la shaba lililofungwa mlangoni na kuunganishwa na ardhi. Ndani alisimama juu ya mpira mweusi uliotandikwa sakafuni, mpira wa aina maalumu unaouchukua ule umeme wa mwilini na kuushusha chini. Pandian aliwaonyesha wafanyakazi siku moja umeme huo ni upi: alisugua kitana kwenye nywele zake, akakisogeza karibu na vipande vya karatasi, navyo vikaruka vikakigandia. Kitana hakina betri, aliwaambia. Na nyinyi pia hamna, lakini mnaweza kuwa kama kitana hiki.

Mwaka huo, katika majuma ya mwisho kabla ya Diwali, upepo mkavu ulivuma kutoka magharibi bila kupumzika. Midomo ya watu ilipasuka. Oda zilikuwa nyingi, na wakaguzi wa serikali walitarajiwa wakati wowote. Msimamizi wa kiwanda, Gurusamy, aliitazama ile mipira mieusi, akaona imechanika na imeliwa na panya kwenye pembe, akaona aibu. Akaenda mjini akanunua mipira mipya, ya kijani, minene, inayonukia upya wa dukani. Siku ya mapumziko aliitandika mwenyewe, akaikata kwa kisu ilingane na kuta.

Shenbagam alipoingia siku iliyofuata, visigino vyake viliufurahia mpira ule. Ulikuwa laini kama godoro. Alitandaza vifaa vyake mezani, akapima unga, akagonga mnara. Pipa hilo lilikuwa la unga mwembamba mno kuliko yote waliyokuwa wakiagiza, na sehemu kubwa ilishuka moja kwa moja hadi chini. Akalitoa chekeche la mwisho, akalishika kwa mkono wa kushoto kwenye fremu yake ya mbao, akachukua brashi kwa mkono wa kulia, akaanza kulisugua polepole kama alivyofanya mara elfu.

Unga haukushuka.

Mwanzoni alidhani umepata unyevu. Akapiga brashi tena. Unga uliteleza, ukapanda kwenye ukingo wa chekeche kama sisimizi wanaokimbia maji, ukaning'inia pale. Akaisogeza brashi, chembe zikairukia zikagandamana na manyoya. Kisha akaona kiganja chake cha kushoto na kifundo chake vimekuwa vya fedha, ingawa hakuwa amevigusisha unga. Vinyweleo vya mkono wote vilikuwa vimesimama wima. Na upindo wa sari yake ulipougusa ukingo wa meza, akasikia mlio mdogo, tik, kama wa ukucha.

 Alielewa mara moja kilichompata. Alikuwa amekuwa kitana.

Hewani mbele yake, ndani ya mwanga ulioingia mlangoni, vumbi la alumini lilikuwa likielea, jembamba, zuri, likimetameta kila lilipogeuka. Mizani ilikuwa karibu na kiwiko chake, na sahani yake ya shaba ilikuwa imefungwa waya unaokwenda ardhini. Kidole kikikaribia sahani ile, cheche ndogo isiyoonekana ingeruka kutoka kwake hadi pale, ikipita katikati ya vumbi lile. Hakuweza kuliweka chekeche chini. Hakuweza kugeuka. Jasho lilimtoka kwenye paji, likashuka ubavuni mwa pua, likaanza kumwasha. Alihisi chafya inakuja. Akaing'ata ndani ya mdomo, akaisubiri ipite, akimuomba Mariamman, mungu mama mwenye moto na mvua, aizuie, amzuilie tu pua yake, mengine atajua mwenyewe.

Nje pakasikika miguu inaburura mchangani na sauti anayoijua.

"We wifi, unatufanyia nini leo? Tumekaa kule kama wageni wa harusi wanaongoja wali. Unga uko wapi?"

"Usiingie," Shenbagam alisema.

Alisema taratibu sana, hata Petchiammal akadhani ni mzaha. "Kuna nini, nyoka?"

"Nyoka ningemshukuru. Wifi, usiingie, usiguse mlango, usiguse bamba. Nimejaa umeme na vumbi liko hewani. Kamwite Bwana Pandian. Tembea. Usikimbie, nakuomba, usipige kelele."

Kivuli kilichokuwa mlangoni kilisimama kidogo, kisha kikaondoka.  Misuli ya bega lake la kushoto ilianza kutetemeka. Alimfikiria Kanimozhi shuleni, akajikataza. Akamfikiria mama yake, akashindwa kujikataza.

Pandian alifika peku, akasimama hatua kadhaa nje ya mlango. Nyuma yake walikuja wanawake wawili wamebeba shuka zilizoloweshwa maji, akawaelekeza kwa kidole wazitandaze kwenye kamba upande unaotoka upepo, ili hewa inayoingia chumbani iwe na unyevu, wasitupe hata tone moja ndani. Kisha akawafukuza. Akachuchumaa, akamtazama kwa chini.

"Dada Shenbagam. Usitikise kichwa. Sema tu. Ulichoshika ni mbao?"

"Ni mbao."

"Vizuri. Hatufanyi kitu sasa. Tunangoja vumbi lilale. Likilala nitakwambia."

"Mkono unanitetemeka, bwana."

"Na wangu pia. Uache utetemeke."

Wakangoja. Upepo ulipita kwenye shuka mbichi na kuleta chumbani harufu ya nguo zinazofuliwa, harufu ya nyumbani, na hiyo ndiyo nusura imlize. Mmeremeto hewani ulipungua. Pandian aliinamisha kichwa huku na huku akiuchunguza mwanga. Mwishowe alimweleza kwamba mpira unaishia karibu na mguu wake wa kulia, na baada yake kuna saruji tupu. Asiunyanyue mguu. Auburure, kidogo kidogo, mpaka unyayo uikanyage saruji. Saruji hainyakui umeme kwa pupa kama shaba. Huunywa pole pole.

"Ukihisi kama mchwa wanakutambaa unyayoni, waache watambae," alisema.

Shenbagam aliuburura mguu. Jasho la unyayo liliufanya mpira uteleze, na mara moja mguu ulimponyoka, akasikia sauti ikimtoka ambayo hakuijua kuwa ni yake. Kidole gumba kikaipata saruji. Ilikuwa ya baridi. Kitu kilimtambaa kutoka kifundoni kwenda chini, chepesi, kama uzi unaovutwa, na taratibu vinyweleo vya mkono wake vikalala.

Pandian alimruhusu aliweke chekeche mezani, kwenye mbao, kisha atoke. Alitoka. Mchangani akakaa chini kama mzigo, na Petchiammal akamkumbatia akimsugua mikono huku machozi yakimtiririka yeye mwenyewe. Mkemia hakuwatazama. Alikuwa amepiga magoti kizingitini, ameinua ukingo wa mpira wa kijani, anaukwaruza kwa kucha, anaunusa. Ulikuwa mpira wa kawaida, usioushusha umeme ardhini. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa majivu.

"Hii imetandikwa wapi kwingine?"

Petchiammal alimjibu kwamba kote. Vyumba vya kujazia fataki, na kwao pia, kwa wachanganyaji.

King'ora kilikuwepo, lakini king'ora huwafanya watu wakimbie, na kukimbia juu ya mipira ile, mikono imejaa dawa, ndiko kulikokuwa kukiogopwa. Ilibidi mtu aende kila chumba, aseme kwa sauti ya kawaida. Pandian alichukua upande wa vyumba vya kujazia. Akamwashiria Petchiammal aende kwa wachanganyaji, chumbani kwake mwenyewe. Petchiammal aliinuka, akapiga hatua mbili, akasimama. Yule asiyeogopa mbwa wala polisi aligeuka na uso kama wa mtoto aliyepotea sokoni. "Siwezi," alisema. "Wifi, siwezi. Miguu imekataa."

"Mimi pia sitaki," Shenbagam alisema, na tayari alikuwa anatembea.

Baadaye hakukumbuka njia. Alikumbuka tu kwamba alijisemea kila hatua kwamba hatua inayofuata atarudi. Chumba cha wachanganyaji kilikuwa na milango iliyo wazi, na ndani walikuwemo wanawake watatu waliopiga magoti juu ya mpira mpya wa kijani, kila mmoja na trei yake ya dawa mbele yake. Mkubwa wao alikuwa Mama Rajakani, mwenye mikono iliyokuwa ya fedha hadi viwikoni kwa miaka ya kazi, ambaye vicheko vya kiwanda vilianzia kwake.

Shenbagam hakuvuka kizingiti. Aliwaambia mipira ni mibaya, inawashikilia umeme mwilini, waache mikono ilipo, wasiguse kijiko cha shaba, waburure magoti hadi kwenye saruji, wangoje kidogo, watokee mlango wa nyuma. Wale wawili waliangaliana, kisha wakamtazama uso, wakaanza kuburura. Mmoja alikuwa akinong'ona jina la mwanawe. Walifika kwenye saruji, wakangoja, wakatoka.

Mama Rajakani hakusogea. "Aliyekutuma nani, wewe wa kujificha na mbuzi?" alisema. "Mimi nachanganya tangu hujaota meno. Leo mpira wa Gurusamy ndio uniue?" Na mkono wake ukaanza kukiendea kijiko.

  Shenbagam alikaa pale pale juu ya ubao wa kizingiti, ana kwa ana na trei ya dawa.

"Mama," alisema, "mimi siondoki bila wewe. Kama unakishika, kishike. Tutakwenda wote."

Meno yake yalikuwa yanagongana, tena kwa sauti, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. Mama Rajakani alimtazama. Alimjua mwanamke huyu kwa miaka. Alizoea kumwona akiruka mtu anapodondosha sufuria. Na mwanamke huyo alikuwa amekaa kwenye mlango wa chumba cha kuchanganyia, haondoki. Mkono ukasimama karibu na kijiko. Ule utani ulimtoka usoni, kidogo kidogo, na chini yake palikuwa na mtu mzima aliyeogopa sana.

"Niburure vipi?" aliuliza.

"Goti la kushoto kwanza, mama. Taratibu. Mimi nipo."

Alipoigusa saruji, Mama Rajakani alishtuka akasema kitu kimemtambaa. Shenbagam akamwambia akiache kitambae.

Siku ile hakuna kilicholipuka. Kufikia jioni wapo waliokwishaanza kusema kwamba pengine hakuna ambacho kingelipuka. Kwamba mkemia amesoma sana na wanawake wameogopa sana. Asubuhi iliyofuata Pandian aliwakusanya wote mbali na majengo, kwenye shimo la kuchomea taka. Alisimama juu ya kipande cha mpira wa kijani, akachekecha unga wa chaki kwa muda kwa chekeche la nailoni, kisha akanyoosha waya mrefu kuelekea chembe kidogo za dawa, ukubwa wa kijiko cha chumvi, zilizowekwa juu ya bamba la shaba. Kabla waya haujagusa, palitokea mwanga mweupe na kishindo kilichowarudisha watu nyuma. Akasimama juu ya kipande cha mpira mweusi wa zamani, akafanya vile vile. Kimya. Akarudia. Kimya.

Gurusamy alikuwa amesimama nyuma ya kila mtu. Mkewe alikuwa mjazaji, katika chumba cha pili. Hakuna aliyemtukana; alikwenda mwenyewe chumba hadi chumba, akaitoa ile mipira moja moja, akikataa kusaidiwa, na alipofika chumba cha pili alikaa ndani muda mrefu.

Mariselvam alimkataza mkewe kurudi, naye hakubisha. Alibaki nyumbani akikunja karatasi za kufungia viberiti. Petchiammal hakurudi tena kuchanganya; sasa anauza idli, vimkate laini vya mchele, karibu na stendi, anacheka na wateja, lakini ukidondosha kifuniko nyuma yake huwa anashika meza. Shenbagam naye alidhani mambo yake yameishia hapo. Kisha akasikia kwamba chumba cha kupimia amepewa msichana hodari, mchangamfu, anayeimba huku akipiga brashi, na aliyekwisha sema kwamba yeye haogopi kitu.

Habari hiyo ilimkosesha raha kuliko siku zote. Alikunja karatasi vibaya, akamkaripia mbuzi. Mwishowe alimwambia mumewe kwamba kukaa hapa kunamtisha kuliko kwenda kule. Mariselvam akamuuliza kama ana hakika. Hana, akasema.

Yule msichana alihamishiwa kwenye kubandika lebo, na alishukuru, maana pale kuna watu wa kuzungumza nao. Shenbagam alipofika chumbani alikuta pipa jipya limemngoja, limeandikwa unga mnene. Aliuchunguza mpira sakafuni, mweusi, mpya, akaukanyaga kwa unyayo mmoja, kisha wa pili. Alipima, akamwaga, akagonga. Sehemu kubwa ya unga ilipita machekeche yote, moja baada ya jingine, ikaishia chini kabisa, kama unga mwembamba. Akapima tena. Kisha akatoka, akafunga milango yote miwili, akaenda kumwambia Pandian unga umebaki wapi, na kwamba pipa lile lirudishwe lilikotoka.